Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Jiwe lenyewe lilikuwa na ukubwa wa kichwa cha ndama. Upande mmoja lilikuwa bapa, upande wa pili limechongoka kidogo, na kwa kulaliwa na gurudumu la nyuma la pikapu yangu miaka kadhaa lilikuwa limepata weusi wa mpira ambao mvua haikuuondoa. Lilisafiri nyuma kwenye bodi pamoja na watu, magunia na kuku. Lilikuwa na heshima yake. Nimemwona mzee mmoja wa kanisa akilifuta kinyesi cha kuku kwa leso yake nyeupe, leso ambayo hajawahi kumpa mtu hata msibani. Nitamwita mzee wa leso, maana anaingia tena katika habari hii.

Huku kwetu juu, upande wa Kinampanda, mawe ni bure na miinuko ni mingi. Kwa hiyo kila gari la zamani lina jiwe lake, na kila jiwe lina mtu wake. Mtu wa jiwe hukaa nyuma kabisa kwenye bodi. Gari likikaribia kusimama huruka na jiwe mikononi, hukimbia nalo, huinama na kulisukumiza nyuma ya gurudumu. Dereva humtazama kwenye kioo, na akishamwona ameinama ndipo huondoa mguu kwenye breki. Nimewajua madereva walioendesha hivyo maisha yao yote, wakazeeka na kuzikwa bila kujua kwamba ule mpini uliochomoza chini ya dashibodi ulikuwa na kazi.

Mimi niliujua, na hilo linanizidishia lawama. Hendibreki ya pikapu yangu ni ya kuvuta, ina mpini kama wa mwamvuli. Zamani ukiuvuta ulikwaruza meno matatu au manne na gari likatulia. Baadaye ukawa unakuja wote mkononi kama mhogo uliooza, bila kushika chochote. Gia nayo ilikuwa imechakaa. Ukiiacha ndani kwenye mteremko inachomoka yenyewe. Ningeweza kulishughulikia jambo hilo katika asubuhi moja. Nikachagua jiwe. Nilikuwa mwinjilisti wa kanisa letu kwa miaka mingi kabla sijastaafu, na mara ngapi nimehubiri habari ya kukesha na kuwa macho, kisha nikatoka nje ya mlango uleule na kuegesha gari kwa jiwe.

Siku jiwe liliposhindwa ilikuwa Jumapili ya mavuno. Kanisa letu liko juu ya mwinuko wenye miamba, na magari huegeshwa pua ikitazama juu. Mke wangu alikuwa mbele pamoja nami. Nyuma walikuwa akina mama wa kwaya, madebe ya alizeti ya sadaka, na mzee wa leso, ambaye siku hiyo alikuwa mtu wa jiwe na alikuwa amevaa suti.

Nikasimama. Mzee wa leso akaruka na jiwe lake vizuri kabisa. Lakini pale pale kando ya gurudumu alikuwa anapita mzee wetu mkubwa kuliko wote, mtu wa zaidi ya miaka tisini, na fimbo yake. Kwetu mtu humsalimu mkubwa wake mikono ikiwa mitupu. Unaweka chini ulichobeba, unaushika mkono wako wa kulia kwa wa kushoto, unainama, unasema shikamoo. Mzee wa leso ana miaka sitini na kitu, lakini mbele ya yule wa tisini yeye ni mtoto. Akaweka jiwe chini, hatua moja kutoka kwenye gurudumu, akainama, akasalimu. Yule wa tisini akaitikia marahaba, akaanza kuulizia nyumbani, ng'ombe na mvua.

Mimi kwenye kioo niliona mtu ameinama karibu na gurudumu. Nikaondoa mguu, nikafungua mlango na kushuka.

Mke wangu alikuwa ameshashuka na kuzunguka nyuma kupokea debe lake la alizeti. Gari likaanza kurudi nyuma taratibu, bila kelele. Kona ya bodi ikampiga nyongani, ikamtupa pembeni, na gurudumu likapita juu ya debe. Gari likaenda kujigonga kwenye mwamba ulio chini kidogo na kusimama. Nilipomfikia alikuwa amelala ndani ya alizeti iliyomwagika, macho wazi, hasemi. Kutoka miguu yake hadi alama ya tairi palikuwa na nafasi ya kiganja. Mtu wa kwanza kufungua kinywa alikuwa yule mzee wa tisini. Aliuliza ni nani huyu mwenye haraka kiasi hicho, wakati watu bado wanasalimiana.

Mke wangu akainuka mwenyewe. Akakung'uta mbegu kwenye kanga, akaingia kanisani, akaimba nyimbo zote hadi mwisho. Ibada ilipokwisha alirudi nyumbani kwa miguu akiwa ameshika nyonga, nami nikimfuata na gari mwendo wa kobe, nikimwomba apande. Hakugeuka.

Kesho yake, akichambua mchicha, alinipa maneno yake. Siku zote huniita Baba. Akiwa na hasira huniita kwa cheo.

"Mwinjilisti," akasema, "sipandi tena gari linaloshikwa na jiwe."

Nikamwambia tutatafuta mtu wa jiwe aliye makini zaidi.

"Sikusema mtu. Nimesema jiwe."

Ilibidi aseme hivyo, na ilibidi nisikie, lakini shida ilikuwa kliniki. Mke wangu ana presha. Kila mwezi huenda Kiomboi kupimwa na kuchukua dawa, na kazi kubwa ya pikapu hiyo tangu nistaafu ilikuwa kumpeleka na kumrudisha. Mwezi uliofuata alikwenda kwa bodaboda. Amekaa upande, nyonga inamuuma, kanga imefungwa mdomoni kwa vumbi. Nyuma yake nilikuwa mimi na pikapu, kiti cha pembeni kitupu, nikila vumbi lile lile. Watu wa njiani walitusalimia sote wawili. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya upole kama tumegombana.

Mwezi wa pili bodaboda iliteleza kwenye mchanga. Hakuumia, ila alishuka akatembea sehemu iliyobaki, na daktari alipomtazama akamkataza kabisa kupanda pikipiki na nyonga ile. Alirudi nyumbani na dawa za mwezi mmoja, akaziweka juu ya kabati, akasema kwa utulivu kwamba zikiisha zimeisha. Haendi kwa pikipiki kwa sababu daktari amekataza, na hasafiri na mimi kwa sababu yeye mwenyewe amekataza. Basi letu la asubuhi huwa limejaa watu wa kusimama. Alisema hivyo bila kuinua sauti, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikitazama juu ya kabati kila ninapopita.

Wakati huo kikao cha wazee wa kanisa kilikuwa kimekwisha kaa. Nilidhani tungezungumzia breki. Kilianza kwa sala ya kushukuru kwamba mama yetu amenusurika, nami nikaitikia amina kwa moyo wote, maana hilo lilikuwa kweli na ninashukuru hadi leo. Kisha mzee wa leso akasimama akasema tatizo limeshajulikana. Jiwe ni dogo.

Walijadili ukubwa wa jiwe kwa muda ambao mtu angechinja mbuzi na kumla. Wengine walitaka jiwe moja kubwa, wengine mawili ya wastani. Kisha likaja suala la salamu. Mmoja alipendekeza mtu wa jiwe asisalimu mtu yeyote mpaka jiwe liwe mahali pake. Hapo kikao kiliwaka. Mzee mmoja alisema mtu anayempita mkubwa wake bila shikamoo kwa sababu ya gari, huyo ameshapotea, na gari lake pia. Mwishowe walikubaliana kwamba mtu wa jiwe atasalimu kwa mdomo huku jiwe liko mikononi, na mikono itafuata baadaye. Hili liliandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Nimeusoma.

Nikauliza, kwa nini tusitengeneze hendibreki. Mzee wa leso akanitazama kwa huruma.

"Mwinjilisti, gari lako ni la zamani."

Kana kwamba ukongwe ni ruhusa ya kuachia. Mimi ni wa zamani kuliko gari, na bado wananitegemea nishike zamu ya mazishi. Mwingine akaniambia nisihangaike, Mungu ndiye anayeshika. Nimefundishwa imani tangu utotoni, na watu walioijua na kuiishi. Hakuna hata mmoja aliyenifundisha kwamba Mungu ameajiriwa kushika magari ya wavivu. Kabla jua halijazama picha ya jiwe jipya ilikuwa imetumwa kwenye kundi la simu la usharika, na chini yake watu wameweka vile vimikono vya kuomba. Jiwe lilipata vimikono vingi kuliko nilivyopata mimi siku ya kustaafu.

Nikaenda kwa fundi Kiomboi. Alikuwa mtu mzima, mwenye gereji ya mabati na spika ya muziki. Alinisalimu vizuri, hilo silisemi vibaya. Akaingia chini ya gari, akakaa huko muda mfupi kuliko sala ya kuombea chakula, akatoka.

"Mzee, hendibreki za gari hizi ni mapambo," akasema. "Ni za kumwonyesha askari. Ila nimekukazia."

Alikuwa amekaza nati moja, ile inayovuta waya wa breki. Akaniambia nivute. Nikavuta, mpini ukashika jino la pili kwa kishindo. Nilimshukuru kwa furaha nyingi, nikaona aibu hata kwa mashaka niliyokuwa nayo. Kabla sijafika nusu ya njia ya kurudi, gari likaanza kunuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Nikasimama. Gurudumu la nyuma la kulia lilikuwa linatoa moshi. Nikampigia fundi simu. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, inajizoesha.

Inajizoesha. Maneno hayo niliyabeba hadi nyumbani. Nilipolijaribu gari kwenye mwinuko wa kanisa, peke yangu, lilishika kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha likaanza kuteremka polepole, kama mtu anayetoka ibadani kabla ya baraka asionekane.

Dawa juu ya kabati zilikuwa zimebaki za siku kumi.

Jirani yangu ni dereva mstaafu wa malori ya serikali. Ni mtu wa Mungaa, alikuja huku kuoa akabaki. Anaswali swala zake zote kwa wakati, na katika maisha yake yote hajawahi kuegesha gari kwa jiwe. Kwa sababu hiyo hasa sikuwa nimemwendea. Tumetaniana tangu tukiwa vijana, na nilijua atanifanya nini. Huniita Mchungaji, akijua vizuri kwamba sikuwahi kuwa mchungaji. Nilimkuta barazani anakunywa uji wa ulezi. Nikamweleza yote, hadi moshi. Aliuliza jambo moja tu, jambo ambalo fundi hakuuliza, kikao hakikuuliza, nami sikujiuliza.

"Gurudumu gani lilinuka?"

"La kulia."

"Na la kushoto?"

Nikamwambia sikuligusa.

"Mchungaji," akasema, "umehesabu waumini miaka yote hiyo, magurudumu mawili yamekushinda?"

Akanieleza akitumia kijiko na vidole viwili. Mpini unavuta waya mmoja wa mbele. Huo unavuta nyaya mbili za nyuma, kila gurudumu na wake. Ikiwa upande mmoja umekwama, ule mzima unabeba kazi yote. Fundi hakutafuta mgonjwa ni nani. Alimkamata aliye mzima, kwa kuwa ndiye aliyeitikia, akamkaza mpaka akaungua. Jirani yangu alisema hiyo ndiyo namna watu wengi wanavyotibu. Sikumbishia. Nimeona makanisa yanayoendeshwa hivyo.

Jumamosi asubuhi alikuja na jeki mbili na spana zake zilizofungwa kwenye kitambaa. Alichukua lile jiwe la zamani, akalitazama, akaliweka mbele ya gurudumu la mbele kabla ya kuinua gari. "Sasa limepata kazi ya jiwe," akasema. Tukainua nyuma magurudumu yote mawili yakaning'inia. Akailegeza ile nati ya fundi mpaka gurudumu la kulia likazunguka bila kukwaruza. Kisha akaniketisha mbele na kuniamuru nivute jino moja moja, huku yeye akizungusha magurudumu kwa mkono. Jino la kwanza, yote yanazunguka. La pili, hivyo hivyo. Kufikia jino la tano gurudumu la kulia likawa zito, kwenye la sita likakataa. La kushoto lilizunguka hadi mwisho wa mpini kama la baiskeli iliyopinduliwa.

Akalitoa gurudumu la kushoto, na dramu, yaani lile sufuria la chuma ambamo breki hubana kutoka ndani. Nilitegemea kukuta uchakavu. Breki zilikuwa nzima, nene, chemchemi zake zote zipo. Akashika ncha ya waya inayoingia pale, akaniambia nivute mpini.

"Vuta."

"Nimevuta."

"Huku hakuna habari."

Basi ugonjwa ulikuwa katikati, ndani ya waya wenyewe. Waya huo wa chuma hupita ndani ya ganda lake, na kazi yake yote ni kuteleza humo kwenda na kurudi. Tukaufungua tukautoa. Jirani akafunga ncha moja kwenye nguzo ya zizi, akavuta nyingine kwa mikono yote miwili na mguu umekanyaga nguzo. Haukusogea hata kidogo. Akakwangua mdomo wa ganda kwa kisu. Kikatoka kitu cha rangi ya asali nyeusi, kigumu nje, kinanata ndani, kimemeza vumbi la miaka. Akakinusa. Akakinusa tena. Akanisogezea pua.

Nilijua kabla sijanusa.

"Nani alimimina alizeti humu?" akauliza.

Mtu aliyefundishwa tangu utotoni asiseme uongo bado anaruhusiwa kutazama pembeni kidogo. Nikatazama pembeni. Kisha nikamwambia ni mimi.

Ilikuwa miaka kadhaa nyuma, baada ya masika. Waya ulikuwa unalia ukivutwa. Na nyumbani kwetu, kama nyumba zote za huku, kitu kikilia kinapakwa alizeti. Tunailima wenyewe, tunaikamua kwenye mashine ya hapo kijijini, inakuja na rangi yake na harufu yake. Tunapikia, tunapaka miguu iliyopasuka, tunapaka bawaba za milango, nira za ng'ombe na koo la mtoto mwenye kikohozi. Nilichukua chupa jikoni, nikalala chini ya gari, nikamimina ndani ya waya wa kushoto hadi ukafurika. Wa kulia ulikuwa na ncha isiyofikika vizuri, nikauacha kwa uvivu. Uvivu ndio uliouokoa. Nilitoka chini ya gari nikamshukuru Mungu kwa zao hili lililobariki mkoa wetu. Na mafuta yale, ambayo hayajasafishwa popote, yakakauka taratibu ndani ya chuma yakawa gundi, kama yanavyokauka kwenye mdomo wa kila chupa na kila debe katika kila jiko la Singida, ambako nimeyaona kila siku ya maisha yangu.

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. "Ungetia na kitunguu, Mchungaji," akasema.

Nilikuwa nimedharau kikao, nikadharau leso, nikamdharau fundi pamoja na muziki wake. Nilikuwa na haki, na sijaifuta dharau hiyo hata sasa ninapoandika. Ila kikao kilikuwa kimekosea kuhusu jiwe tu, na fundi alikosea kuhusu nati tu. Aliyeiua breki nilikuwa mimi, kwa mafuta ya kula, huku nikishukuru.

Mke wangu alikuwa akipita na beseni la nguo. Alisimama, akautazama waya juu ya mkeka, akautazama ule uchafu kwenye kisu. Hakuhitaji kuelezwa.

"Ndivyo ulivyofanya cherehani yangu," akasema.

Nilikuwa nimesahau. Kweli, niliwahi kumpakia cherehani alizeti, akiwa safarini, ili nimfurahishe. Iliganda katika muda wa kiangazi kimoja. Jirani akamuuliza kwa heshima, shemeji, ilifunguka kwa kitu gani? Akasema aliilaza kwenye mafuta ya taa siku mbili, akaizungusha kidogo kidogo bila kulazimisha, akaifuta, ndipo akatia mafuta yake ya cherehani. Akaongeza, akinitazama mimi, kwamba angeulizwa miaka ile kuhusu waya angesema hayo hayo. Kisha akaenda kuanika nguo. Baada ya dakika chache alirudi na beseni lile lile likiwa tupu, na dumu la mafuta ya taa, akaviweka miguuni kwetu.

Tuliukunja waya tukaulaza. Jumatatu jioni, kabla ya swala yake ya magharibi, jirani alikuja tukauvuta. Ulisogea upana wa ukucha. Tukaurudisha, tukauvuta tena. Ulitoka upana wa kidole, na pamoja nao maji meusi kama kahawa. Jumanne ulikuwa unakwenda na kurudi kama uzi kwenye sindano. Tukaupa grisi, tukaurudisha mahali pake. Kisha jirani alinifundisha kitu ambacho fundi wa mapambo hakujua au hakujali. Unaanza kurekebisha huko kwenye magurudumu, ndani ya dramu, mpaka breki zikaribie kugusa sawasawa kulia na kushoto. Nati ya waya inakuja mwisho kabisa, na inakazwa kidogo tu. Jino la kwanza, la pili, la tatu, magurudumu yote yakawa mazito pamoja. La tano yakakataa pamoja. Nilimwomba azungushe tena, akazungusha, yakakataa tena. Nikashuka nikamshika mkono, na yeye akasema alhamdulillahi, nami nikasema amina, tukaenda kunawa.

Sikumwambia mke wangu chochote. Alikuwa ametuona. Dawa zilikuwa zimebaki za siku sita.

Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu, kama Jumapili zote tangu siku ile. Nilitangulia na gari, nikaegesha mahali pale pale, pua juu, nikavuta mpini meno matano, nikaondoa mguu. Lilitulia. Jirani yangu alikuwa amekaa juu ya mwamba ule uliolizuia gari mara ya kwanza, na kofia yake ya kiislamu. Watu walipomuuliza amekuja kuabudu nini, aliwajibu kwamba amekuja kutazama waya.

Mzee wa leso alikuwa tayari anakuja mbio na jiwe jipya, lile la vimikono. Lilikuwa zito kiasi kwamba shingo ilimtoka mishipa. Hapo ndipo mke wangu alipofika kutoka njiani, anachechemea. Akamwambia, kwa adabu yote, aliweke chini hapo alipo na asilisogeze. Mzee wa leso akaliweka. Nadhani alifurahi kulitua.

Kisha mke wangu akaligeukia gari, akalizunguka, akanitazama.

"Nenda ukasimame pale nilipokuwa," akasema.

Nilikwenda. Nilisimama nyuma ya bodi, kwenye kona ile ile, na bado palikuwa na maganda ya alizeti katikati ya changarawe. Mke wangu akafungua mlango wa mbele, upande wake wa siku zote, akapanda polepole kwa sababu ya nyonga, akaketi, akaubamiza mlango kwa nguvu zake zote. Gari lilitikisika. Nilisikia chuma kikilia kidogo mahali fulani chini, kikanyamaza. Yeye hakushuka. Alikaa tu, akitazama mbele, kama anayesubiri safari ianze.

Nimesimama mbele ya watu kwa miaka mingi nikiwaambia habari ya kutumaini. Sikuwahi kusimama mahali ambapo miguu yangu yote miwili ilitaka kukimbia.

Na ndipo nilipoisikia fimbo. Yule mzee wetu wa tisini alikuwa amepanda mwinuko na kufika nyuma yangu. Nisingeweza kumsalimu nikiwa nimempa mgongo. Nikageuka, mgongo wangu sasa ukalielekea gari, nikaushika mkono wangu wa kulia kwa wa kushoto, nikainama.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Akaulizia nyumbani. Nikamjibu. Akaulizia ng'ombe, nikamjibu. Akaulizia mvua, na kama kawaida yake akataka kujua ilinyesha wapi na wapi haikunyesha, nikamjibu yote, nikiwa nimeinama, nisione chochote ila ncha ya fimbo yake na changarawe. Akaulizia mama watoto.

"Yupo garini, Baba," nikasema.

"Mwambie namsalimu," akasema, akaendelea na njia yake kuelekea mlangoni.

Niligeuka. Bodi ilikuwa pale pale ilipokuwa. Mke wangu alikuwa ametoa kiwiko dirishani na ananitazama kwenye kioo, kile kioo nilichomtazamia mzee wa leso.

"Kesho saa mbili asubuhi, Baba," akasema. "Kliniki huwa wanawahi kufunga namba za foleni. Na hilo jiwe wasilipakie."